Ndege za kijeshi zilizoanguka baada ya Vita Kuu ya Pili: kufuata dalili hadi kwenye chanzo

Kadi ya ajali ya ndege ya kijeshi ya miaka ya 1945 hadi 1955 huwa fupi kuliko risiti ya duka. Aina ya ndege, namba yake, kituo, tarehe, mistari michache ya maelezo, halafu hukumu: kosa la rubani. Wengi wanaonijia na maswali wamekwama palepale. Wameona kadi mtandaoni, au wamekwenda matembezini Uingereza wakakuta kibao cha ukumbusho kilimani, na sasa wanataka kujua ilikuwaje.

Mimi ni fundi wa ndege ndogo, si mpelelezi wa ajali. Lakini karakana imenifunza kwamba mtu akileta ndege na kusema "injini mbovu", hayo ni malalamiko tu, ugonjwa bado hujaujua. "Kosa la rubani" nalo ni vivyo hivyo. Kumlaumu maiti ni rahisi kwa sababu hajibu. Basi nimepanga mambo kwa dalili jinsi zinavyoandikwa kwenye kadi, na chini ya kila dalili nimeanza na sababu iliyozoeleka zaidi.

Kabla ya yote, tazama vitu vitatu visivyohitaji utaalamu. Hali ya hewa ya siku ile ilikuwaje? Rubani alikuwa amerusha aina ile ya ndege kwa saa ngapi (si saa zake zote za maisha)? Na ndege ilikuwa katika hatua gani: kuruka, kupanda, kusafiri, kushuka au kutua? Mafumbo mengi ninayoletewa hufumbuka hapo hapo.

Dalili: "Iligonga mlima, na injini zote zilikuwa zikifanya kazi"

Sababu ya kwanza ni rubani kushuka ndani ya mawingu akiamini ameshavuka milima. Mfano ulio wazi ni wa Bleaklow, kaskazini mwa Uingereza. Tarehe 3 Novemba 1948, ndege kubwa ya Marekani ya kuangusha mabomu aina ya B-29, iliyopewa jina Over Exposed, iliondoka kituo cha Scampton kwenda Burtonwood, safari fupi ya kukatisha safu ya Pennines. Ilishuka mapema ndani ya mawingu. Wote 13 waliokuwamo walikufa. Bleaklow hakifiki hata nusu ya kimo cha Nairobi, lakini wingu halipimi ukubwa wa kilima.

Hapa uchunguzi wa kwanza ni wa rula na ramani. Chora mstari kutoka walikoondoka hadi walikokuwa wakienda. Kama mabaki yako juu ya mstari, tatizo lilikuwa la muda: upepo wa mbele uliwachelewesha, saa ikawaambia wamefika kabla hawajafika. Kama yako mbali na mstari, ndiyo sababu ya pili: upepo wa ubavuni au hesabu ya njia iliyokosewa. Miaka ile mwongoza njia alifanya kazi kwa penseli, dira na saa, akipata msaada wa redio pale tu mitambo ilipokubali.

Unajuaje kama walikuwa wamepotea kiasi gani? Tazama ajali ambayo watu walipona. Tarehe 19 Novemba 1946 Dakota, ndege ya uchukuzi ya Marekani, iliangukia barafu ya Gauli katika milima ya Alps ya Uswisi. Watu 12 wote walinusurika, akiwamo msichana wa miaka 11, na redio yao ilifanya kazi. Wakatangaza kwamba wako Alps ya Ufaransa! Msako ukaanzia nchi nyingine kabisa. Waliokolewa siku tano baadaye na marubani wa Uswisi waliotua juu ya barafu kwa ndege ndogo aina ya Storch. Kama hao wangekufa wote, leo tungekuwa tunasoma kadi yenye maneno "hakujua alipo" na kumcheka rubani.

Sababu ya tatu ni altimita, kile kipimo cha kimo. Kinapima msukumo wa hewa, hakipimi umbali hadi ardhini. Ukikirekebisha kwa uwanja ulioondoka, halafu ukaruka kuelekea eneo lenye msukumo mdogo wa hewa, kitakuonyesha uko juu kuliko ulivyo. Tofauti inaweza kuwa ndogo, lakini ndege aina ya Lancaster, namba TX264, ya kituo cha Kinloss, iliyogonga Beinn Eighe huko Scotland Machi 1951, ilikosa kupita juu ya ukingo wa mlima kwa mita chache tu. Wote wanane walikufa. Mwili wa mwisho uliteremshwa Agosti. Waokoaji wa jeshi hawakuwa na ujuzi wa kupanda miamba yenye barafu, na aibu ya wiki zile ndiyo iliyolisukuma Jeshi la Anga la Uingereza, RAF, kuwafunza upya watu wake wa uokoaji mlimani.

Simama hapa: usijaribu kukokotoa kosa la altimita kwa namba mbili ulizookota kwenye makala. Tafuta ramani ya hali ya hewa ya siku ile, umpe mtaalamu wa hali ya hewa.

Dalili: "Meteor ilijipindua ikiwa inakwenda kutua"

Hapa nitakaa zaidi, maana ndiyo dalili iliyoua vijana wengi. Gloster Meteor ilikuwa jeti ya kwanza ya RAF. Inakadiriwa kwamba RAF ilipoteza Meteor zipatazo 890 katika miaka yote ya utumishi wake, na marubani wapatao 450. Wengi hawakuguswa na risasi hata moja. Walikuwa mazoezini, nyumbani kwao, mchana kweupe.

Sababu inayoongoza ni injini moja. Meteor ina injini mbili, kila moja kwenye bawa, mbali na kiwiliwili. Moja ikizima na nyingine ikasukuma kwa nguvu zote, pua inavutwa upande wa ile iliyokufa, kisha bawa la upande huo linazama. Rubani anazuia kwa mguu, akikanyaga pedali ya usukani wa mkia. Usukani huo unakula upepo: mwendo ukiwa mkubwa una nguvu, mwendo ukipungua unalegea. Kuna mwendo ambao chini yake hakuna mguu wa binadamu unaotosha. Ukifika hapo dawa ni moja, nayo inakwenda kinyume na silika: punguza nguvu ya injini iliyo hai, shusha pua, rudisha mwendo. Sasa jaribu kumwambia kijana wa miaka 20 apunguze nguvu na ashushe pua akiwa mita mia moja juu ya mapaa ya nyumba.

Uchungu wa jambo hili ni kwamba injini nyingi kati ya hizo hazikuharibika. Zilizimwa kwa makusudi. Mafunzo yalimtaka mwanafunzi ajue kutua na injini moja, na mkufunzi aliizima kweli. Mazoezi ya kujikinga na hatari yakaua watu wengi kuliko hatari yenyewe. Kwa hiyo kadi ikisema "alipoteza udhibiti akiwa na injini moja", swali la kwanza si "kwa nini alipoteza udhibiti?" Ni "nani aliizima ile nyingine, na kwa amri ipi?"

Sababu ya pili marubani wenyewe waliipachika jina la kupiga mbizi kwa mzuka. Ndege inarudi uwanjani, rubani ametoa breki za hewa, yale mabamba yanayoinuka juu ya bawa ili kupunguza mwendo. Bila kuyarudisha anateremsha magurudumu. Gurudumu moja linatangulia jingine, pua inayumba kando, hewa iliyovurugwa na mabamba inafika mkiani, na ghafla pua inaanguka bila onyo. Hakuna kimo cha kujirekebisha. Ile ya viti viwili ya mafunzo, T.7, ndiyo iliyosifika zaidi kwa ubaya huo. Kanuni iliyokuja baadaye ni fupi: breki ndani kwanza, magurudumu baadaye.

Uchunguzi mwepesi: soma kadi uone kama imetaja magurudumu na breki za hewa zilikutwa zimetoka au zimerudi. Zikiwa zimetoka zote kwa pamoja, umeshika mkia wa jambo. Kisha tazama aina. Ikiwa ni T.7, usiulize kwa nini hawakuruka nje, kwa sababu haikuwa na viti vya kufyatuka. Viti hivyo, vya kampuni ya Martin-Baker, viliingia na Meteor ya aina ya F.8. Muingereza wa kwanza kujiokoa kwa kiti cha kufyatuka katika dharura halisi ni Jo Lancaster, tarehe 30 Mei 1949, na hakuwa kwenye Meteor bali kwenye ndege ya majaribio AW.52.

Sababu ya tatu, mafuta kwisha ikiwa bado inazunguka uwanja. Hiyo nitairudia chini.

Dalili: "Ilipaa, ikaanguka karibu na mwisho wa njia ya kurukia"

Anza na kitu cha kijinga kuliko vyote. Katika karakana husema: angalia kwanza kama swichi imewashwa. Tarehe 20 Desemba 1952, C-124, ndege kubwa ya uchukuzi ya Jeshi la Anga la Marekani, iliruka kutoka kituo cha Larson, karibu na Moses Lake katika jimbo la Washington, ikiwa na watu 115, wengi wakienda nyumbani kwa Krismasi. Walikufa 87. Ilikutwa kwamba vizuizi vya mkiani, vinavyofungwa ndege ikiwa imeegeshwa ili upepo usiyumbishe usukani, havikuwa vimefunguliwa.

Halafu pampu ya mafuta. Richard Bong, rubani wa Marekani aliyetungua ndege 40 za Japani, alikufa tarehe 6 Agosti 1945 huko California akijaribu P-80, jeti mpya. Pampu kuu ya mafuta ilikufa mara baada ya kuruka, na pampu ya akiba haikuwa imewashwa. Lakini Milo Burcham, rubani mkuu wa majaribio wa Lockheed, kampuni iliyoiunda, alikuwa amekufa Oktoba 1944 katika aina hiyo hiyo, naye kwa pampu kuu. Pampu ya akiba iliwekwa kwa sababu ya kifo cha kwanza, na kuiwasha kukaachiwa kumbukumbu ya rubani. Huo ndio mpangilio ninaotaka uutafute kila unapoona neno "alisahau": alisahau kitu gani, na kwa nini kilitegemea kukumbuka kwake?

Tatu, injini kufa na rubani kukosea katika kujiokoa. C-124 nyingine ilianguka Tachikawa, Japani, tarehe 18 Juni 1953, ikaua watu 129. Hiyo ndiyo ajali ya kwanza ya ndege kupita vifo mia moja. Injini moja ilizimwa baada ya kuruka, kisha flapu, yale mabamba ya nyuma ya bawa yanayoongeza ubebaji, zikatumiwa vibaya wakati ndege haina mwendo wa kutosha.

Kwa viwanja vya huku kwetu ongeza kimo na joto. Eastleigh ya Nairobi, ambako Lincoln, ndege za RAF za kuangusha mabomu, zilirukia wakati wa vita vya Mau Mau, iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Hewa nyepesi inanyima bawa ubebaji na injini nguvu kwa wakati mmoja. Uzito unaoruka bila shida Uingereza unaweza kugoma Nairobi saa saba mchana.

Dalili: "Injini zilipungua nguvu moja baada ya nyingine, kisha moto"

Barafu kwenye kabureta. Wageni wa ndege hudhani ni jambo la nchi za baridi tu. Mimi nimeiona Pwani, siku yenye unyevu, kwenye ndege ndogo. Kabureta hujipoza yenyewe inapovuta hewa na kuvukiza mafuta.

Mfano mkubwa ni B-36, ndege ya Marekani ya kuangusha mabomu, iliyotoka Alaska Februari 1950. Injini zake sita zilitazama nyuma, kwa hiyo kabureta zilikaa mbele, kwenye hewa baridi, bila kupata joto la injini. Barafu ikaziba, mchanganyiko ukazidi mafuta, tatu zikashika moto. Waliruka kwa miavuli usiku kandokando ya pwani ya Kanada. 12 kati ya 17 wakaokolewa. Ndege tupu iliendelea kuruka yenyewe na ilikutwa miaka mitatu baadaye milimani, British Columbia. Kabla ya kuruka kwa miavuli walikuwa wamelitupa baharini bomu la nyuklia lisilo na kiini chake cha plutoniamu.

Dalili: "Rubani aliacha kujibu redioni, ndege ikashuka yenyewe"

Oksijeni. Anza hapo, na mara nyingi utaishia hapo. Kuanzia mita 3,000 hivi ubongo unaanza kuchakaa bila mwenyewe kujua. Mtu anajisikia vizuri, hata mchangamfu, huku hesabu zake zikiharibika. Kapteni Thomas Mantell wa Kentucky alipanda na ndege yake ya kivita aina ya F-51 tarehe 7 Januari 1948 akifuata kitu king'aacho angani, akapita mita 6,000 bila oksijeni, akaanguka karibu na Franklin. Magazeti yakasema sahani za wageni kutoka sayari nyingine. Kinachoelekea zaidi ni puto kubwa la utafiti la Skyhook, mradi uliokuwa siri, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwambia.

Ikiwa kadi haisemi lolote kuhusu oksijeni, tafuta kimo cha mwisho alichotaja redioni. Kikiwa chini ya mita 3,000, achana na nadharia hii. Masuala ya moshi, gesi ya injini au ugonjwa wa moyo ni ya daktari.

Dalili: "Ilimeguka angani"

Tofautisha ndege ya kikosi na ya majaribio. Kwa ya majaribio, sababu ya kwanza ni kwamba ilikuwa mahali ambapo hakuna aliyewahi kufika. Geoffrey de Havilland mdogo alikufa tarehe 27 Septemba 1946, jeti yake ya majaribio DH.108 ilipomeguka juu ya mlango wa mto Thames katika mwendo uliokaribia wa sauti. Zilitengenezwa DH.108 tatu tu, na zote tatu zilianguka na kuua. YB-49, ndege ya majaribio ya Marekani, ilimeguka mabawa karibu na kituo cha Muroc, California, tarehe 5 Juni 1948. Kati ya watano waliokufa alikuwamo Glen Edwards, na kituo kikapewa jina lake. Kwenye maonyesho ya ndege ya Farnborough, Uingereza, tarehe 6 Septemba 1952, jeti DH.110 ya John Derry na Anthony Richards ilimeguka mbele ya umati. Injini zikaruka hadi kwa watu. Watazamaji 29 walikufa pamoja na hao wawili.

Kwa ndege ya kikosi, waza kwanza mgongano na mwenzake katika msafara, kisha kuivuta kupita uwezo wake wakati wa kutoka kwenye mbizi, na mwisho kabisa chuma kuchoka. Angalia kama kuna kadi mbili za siku moja, kikosi kimoja.

Dalili: "Haikurudi"

Mafuta, na hali ya hewa iliyofunga mlango. Jeti hula mafuta vibaya sana ikiwa chini, kwa hiyo rubani aliyeshuka na kukuta ukungu hana muda wa kufikiri mara mbili. Tukio linaloonyesha hili ni la Februari 1956, jeti nane za RAF aina ya Hunter kutoka West Raynham: wingu liliwatangulia uwanjani, wakapelekwa uwanja wa Marham, nako kukafunga. Sita zilipotea. Kwa bahati alikufa rubani mmoja tu.

Ndege tano za Avenger za Jeshi la Wanamaji la Marekani zilizotoka Fort Lauderdale tarehe 5 Desemba 1945 zimekuwa hadithi za mashetani wa bahari. Ondoa mashetani, usikilize redio: kiongozi aliamini yuko juu ya visiwa vya Florida Keys, wakati inaelekea alikuwa Bahamas, akawazungusha wenzake hadi mafuta yakaisha juu ya bahari iliyochafuka usiku. Wanaume 14 walipotea, na wengine 13 wa ndege ya Mariner iliyotumwa kuwatafuta. Jeshi la Wanamaji lilimtwika kiongozi lawama, familia yake ikapinga, na hukumu ikabadilishwa kuwa "sababu haijulikani". Kwa hiyo ukipata nakala ya hukumu, tazama tarehe yake.

Dalili: "Kadi na kibao havikubaliani"

Mara nyingi ni tarehe ya ajali dhidi ya tarehe mabaki yalipoonekana. Pili ni namba ya ndege iliyonakiliwa vibaya. Kwa RAF, linganisha Fomu 1180, ambayo ndiyo kadi ya ajali, na Fomu 540, shajara ya kikosi iliyoko hifadhi ya taifa, Kew, London. Kwa Marekani omba ripoti ya ajali kutoka hifadhi ya kihistoria ya jeshi la anga iliyoko Maxwell, Alabama. Ni ndefu, ina picha na maelezo ya mashahidi. Andika namba, tarehe na kikosi. Ukiandika "ndege ya babu" utasubiri sana.

Dalili: "Nimekuta mabaki mwenyewe"

Hapa hakuna uchunguzi mwepesi. Piga picha, andika mahali, ondoka. Nchini Uingereza sheria ya mwaka 1986 inalinda mabaki yote ya ndege za kijeshi, na kuchimba bila kibali cha Wizara ya Ulinzi ni kosa. Ukiona mifupa au nguo, ita polisi. Ukiona kiti cha kufyatuka, usikivute; fataki yake inaweza kuwa hai. Saa na vipimo vinavyong'aa gizani vilipakwa radiamu, usivitie mfukoni wala usivikwangue. Na misitu ya Aberdare na Mlima Kenya iliangushiwa mabomu na zile Lincoln, na si yote yaliyolipuka. Chuma cha mviringo chenye kutu ndani ya mianzi waachie polisi na askari wa wanyamapori.

Ukiwa na fedha na ndoto ya kuirusha tena, kumbuka Kee Bird. B-29 hiyo ilitua juu ya barafu Greenland tarehe 21 Februari 1947 baada ya kupotea njia, wote 11 wakaokolewa, ndege ikabaki karibu nzima. Mwaka 1994 timu ilifika, ikafunga injini zilizokarabatiwa na matairi mapya, ikarudi mwaka 1995, ikaiwasha, ikaanza kuitembeza kutafuta nafasi ya kuruka. Mafuta ya jenereta ndogo ya ndani yakavuja yakashika moto. Ilikuwa imekaa pale miaka 48. Iliungua siku hiyo hiyo, injini hizo zikiwa bado mabawani.